Dere, Salgaa na woga unaokuja kwa saa: kisa cha wasiwasi na Parkinson kutoka Nakuru

Dereva wa matatu anayepiga ruti ya Nakuru Eldoret akikwambia anaogopa kupita Salgaa, hakuna mtu ataketi chini amuulize kwa nini, manake kila mtu anajua kwa nini. Kule Sachang'wan, kwenye barabara hiyohiyo, ndiko tenka ya mafuta ilianguka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbia kuchota, moto ukashika na zaidi ya watu 100 wakafa. Hapo Migaa karibu na Salgaa ndipo basi na lori ziligongana tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 wakaaga. Sasa huyu mzee ambaye naandika kisa chake, alipoanza kusema mapema 2018 ati akikaribia Salgaa moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka viganjani mpaka usukani unateleza, pale steji walimwonea huruma, wakamwambia pole, wakaendelea na kazi. Woga wake ulikuwa na sababu nzuri sana, kiasi kwamba hakuna mtu alitafuta sababu ingine.

Mimi ni afisa wa kliniki, nashughulika na afya ya akili hapa Nakuru, na yeye nitamwita tu Dere vile wenzake walizoea kumwita. Yeye na familia wamekubali niandike na vitu vya kumtambulisha nimevigeuza. Naandika kwa urefu kwa sababu watu wengi, hata wahudumu wenzangu, wanajua Parkinson ni ugonjwa wa kutetemeka na basi, halafu wasiwasi wanauchukulia kama kitu cha pembeni, eti mtu amesikia ana ugonjwa mkubwa akaogopa. Kwa Dere ilikuwa kinyume kabisa. Wasiwasi ulitangulia, kutetemeka kukafuata kama miaka mitatu baadaye, halafu alipopata dawa nzuri na mwili ukaanza kumtii tena, wasiwasi ukarudi kwa njia ingine, na mara zote mbili ukasomwa vibaya.

Turudi 2018. Alikuwa na miaka 51, ameendesha hiyo barabara zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kupata ajali mbaya. Mengi nimeyajua kutoka kwa mke wake, juu Dere mwenyewe ukimuuliza anakujibu "daktari, mimi nilikuwa sawa tu". Huyo mama alinieleza kwamba ule woga haukuwa wa Salgaa peke yake. Ulikuwa unamkuta saa kumi alfajiri akiwa bado kitandani, hajaoga, hajashika funguo ya gari. Ulimkuta kwa kinyozi. Ulimkuta kanisani wakati wa matangazo, akatoka akasimama kando ya geti ameshika kifua, anasema anakufa na hajui ni nini kinamuua. Woga wa barabara haumfuati mtu mpaka kwa kinyozi, lakini yeye alikuwa anaeleza tu ile sehemu ya Salgaa kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maana kwa watu, hii ingine hata yeye alikuwa anaionea aibu.

Sako ya matatu ikampa likizo fupi, pasta akamwombea, shemeji yake mmoja akasema kuna mtu anaionea wivu hiyo gari. Alizunguka zahanati kadhaa na huko akapimwa presha, sukari, moyo, hata tezi la shingo, yote yako sawa, akapewa dawa ya asidi ya tumbo halafu vitamini. Hivyo vipimo silalamikii hata kimoja, mwanaume wa zaidi ya miaka 50 akisema moyo unamwenda mbio lazima upime hivyo kwanza. Lakini majibu yaliporudi safi, maneno yakawa "ni stresi tu, mzee", na faili ikafungwa.

Na yalikuwepo mambo mengine kibao ambayo yangesema, kama mtu angeuliza. Konda wake alikuwa anamwambia "Dere, si unasikia hiyo harufu ya dizeli?" na yeye hasikii chochote, mpaka siku moja abiria wakagoma pale Mau Summit kwa sababu paipu ilikuwa inavuja na gari yote inanuka, yeye ameketi mbele kabisa hana habari, akadhani ni homa imemziba pua. Choo kilikuwa kinamfunga siku tatu, nne. Usiku alikuwa anapigana. Sizungumzii kugeukageuka, alikuwa anarusha ngumi na kupiga kelele akiota anafukuza wezi, mara moja akampiga mama usoni, mama akahamia chumba cha watoto na majirani wakaanza kusema hao wawili wamekosana. Bega la kulia lilikuwa limekaza akawa anakandwa na mafuta ya moto. Na binti yake, ambaye alikuwa anamsaidia mahesabu ya gari, aliona mwandiko wa baba umekuwa mdogo, anaanza mstari vizuri, akifika mwisho herufi zimekuwa kama sisimizi.

Kila moja ya hizo ukiichukua peke yake ni kitu kidogo. Zikija kwa mtu mmoja, kwa muda mmoja, pamoja na wasiwasi mpya ambao hakuwahi kuwa nao maishani, hapo unafaa kusimama uanze kufikiria ubongo.

Hii ndiyo sababu. Parkinson tunaijua kama ugonjwa wa kuisha kwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusonga, na ni kweli, seli zinazotengeneza dopamini kwenye sehemu fulani nyeusi ndani ya ubongo zinakufa polepole, na mkono unapoanza kutetemeka unapata nusu ya hizo seli au zaidi zimeshaenda. Lakini mwaka wa 2003 mtafiti wa Ujerumani, Heiko Braak, na wenzake walichora vile ugonjwa unavyotembea ndani ya ubongo wa wagonjwa wengi, wakaonyesha kwamba ile protini mbovu inayoitwa alfa-sinukleini haianzii kwenye dopamini. Inaanzia sehemu ya kunusa na chini kwenye shina la ubongo, ndipo inapanda. Na huko kwenye shina la ubongo ndiko kuna vituo vya noradrenalini na serotonini, yaani kemikali zinazohusika na kushtuka, kutulia, usingizi, hali ya moyo. Kwa hivyo kabla mguu haujaburuzika hata siku moja, mitambo inayoamua kama mtu aogope au asiogope inakuwa tayari imeguswa. Pua, choo, ndoto za kupigana, woga, zote zinaweza kutangulia kwa miaka.

Mwaka wa 2024 watafiti wa chuo cha UCL kule London walichapisha matokeo kutoka rekodi za zahanati za Uingereza, walichukua watu zaidi ya 100,000 waliopata wasiwasi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, wakawalinganisha na zaidi ya 800,000 ambao hawakuwa nao, wakapata hao wa kwanza hatari yao ya kupata Parkinson iko kama mara mbili. Hapa naomba usome vizuri kabla hujampigia mamako simu, kwa sababu hao zaidi ya 100,000 waliopata Parkinson kwa miaka waliyofuatiliwa walikuwa 331 tu. Wengi mno wenye wasiwasi hawana Parkinson na hawatawahi kuipata. Wasiwasi peke yake hautoshi kumwambia mtu ana huu ugonjwa. Wasiwasi mpya wa ukubwani, pua iliyokufa, kupigana usingizini na choo kufunga, hiyo ni hadithi ingine.

Na nadhani ninajua hii tabia ya kuutenga moyo wa mgonjwa na ugonjwa wake imetoka wapi, angalau kwa upande wa vitabu. James Parkinson, yule daktari wa London ambaye ugonjwa umepewa jina lake, aliandika maelezo yake mwaka 1817 akitumia watu sita, baadhi yao aliwaona tu wakipita barabarani, na akasema hisi na akili haziguswi. Kwa kutembea na kutetemeka aliona vizuri sana, mtu huwezi kumnyima hiyo, lakini hiyo sentensi ya hisi na akili imekaa vichwani mwa watabibu miaka mingi kupita kiasi. Sai tunajua karibu theluthi moja ya watu wenye Parkinson wana wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa kamili, unaohitaji kutibiwa wenyewe.

Sasa 2021. Wasiwasi wa Dere umezidi, halali, ameacha kula na watu, na jamaa mmoja akampeleka kituo fulani cha afya ambacho sitakitaja. Huko akaambiwa ni neva, akapewa haloperidoli ya kumeza kila usiku, dozi ndogo. Haloperidoli ni dawa halali, nimeiandikia watu wenye ugonjwa mkali wa akili na ikawasaidia, lakini kazi yake ni kuziba milango ya dopamini. Kwa mtu ambaye dopamini yake inaisha kimyakimya, ni kama kufunga mfereji wa mwisho uliokuwa unatoa maji nyumbani. Ndani ya wiki chache Dere alikuwa anatembea kwa hatua za mtoto, mate yanamdondoka, uso umekaza hauonyeshi furaha wala huzuni, na mkono wa kulia ukiwa umelala pajani unacheza wenyewe, kidole gumba kinasugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Mama akimkimbilia kumsaidia, anasikika kwa sauti ya chini sana akisema anaogopa. Dozi ikaongezwa. Hiyo ndiyo sehemu inaniuma zaidi kwenye hiki kisa chote, mtu analia anaogopa, anaongezewa kitu kinachomfunga.

Nilikutana naye baada ya hapo. Kwa uangalifu, akiwa chini ya macho yetu, hiyo dawa ikaondolewa. Swali likabaki moja gumu, hii ni dawa imemfanya hivi au ugonjwa ulikuwepo na dawa imeufunua? Kukakamaa kunakoletwa na dawa mara nyingi kunashika pande zote mbili za mwili na kunapungua ukiiacha, ingawa kunaweza kuchukua miezi. Kwa Dere mate yalikauka, hatua zikarefuka kidogo, upande wa kushoto ukalegea, lakini wa kulia ukabaki palepale, mzito na unatetemeka. Na kulikuwa na ile pua. Pua iliyokufa miaka kabla ya haloperidoli huwezi kuilaumu haloperidoli. Daktari wa neva kule Eldoret alimkagua, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, ufungue na ufunge, na ule mkono wa kulia ukaanza vizuri halafu ukawa unapungua, unapungua, mpaka ukasimama. Hakuna kipimo cha damu kinachosema hii ni Parkinson, na hiyo skani ya kawaida ya kichwa kazi yake ni kuondoa magonjwa mengine tu. Ugonjwa unatambuliwa kwa macho, mikono na historia, na kwa vile mtu anavyoitikia dawa.

Aliitikia. Levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, pamoja na kabidopa inayoisaidia ifike huko, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kuanzia 2022. Mama aliniambia siku moja alimkuta anafunga kamba za viatu mwenyewe akaketi chini akalia. Kuendesha matatu hakurudi, tulikubaliana hivyo mapema, mguu wa breki haukuwa wa kuaminika na gari ina watu kumi na wanne. Lakini alikuwa anaenda steji, anapanga magari, anagombana na makanga, ile kitu anapenda. Na wasiwasi ulipungua bila kuguswa na dawa yoyote ya wasiwasi, kitu ambacho chenyewe ni ushahidi.

Halafu 2024 ukarudi. Binti akanipigia, "daktari, baba ameanza tena, anasema anakufa, na mkono haujatetemeka hata." Familia ilikuwa na maelezo tayari, kwamba amekumbuka kazi yake, pesa zimepungua, karo ya kitinda mimba iko nyuma, mtu akikaa anafikiria hivyo vitu ataogopa tu. Yote yalikuwa kweli. Tena ule woga ukapata sababu nzuri. Mtu wa kemisti akawauzia diazepamu, dawa ya kutuliza, Dere akameza, akateleza bafuni usiku akapasuka juu ya jicho, na hilo halikunishangaza, hizo dawa kwa mtu mwenye Parkinson zinamlegeza na kumchanganya na mguu wake tayari si imara.

Mimi nikamwuliza swali moja tu, unakuja saa ngapi. Akasema unakuja wakati wowote. Mama akasema hapana, unakuja kabla ya chakula. Binti akasema unakuja jioni. Kwa hivyo nikawaomba wachukue daftari la kawaida la shule, wapige mistari, waandike saa ya kumeza dawa, saa ya kula na alikula nini, saa woga umeingia, saa umetoka, na mkono ulikuwa aje. Binti alifanya hiyo kazi kuliko vile ningefanya mimi, kila siku, kwa kalamu mbili za rangi tofauti.

Tulipolisoma hilo daftari pamoja, lilikuwa wazi kiasi kwamba hata Dere alinyamaza. Anameza saa moja asubuhi. Saa tano na kitu woga unaingia, kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, anataka kutoka nje. Kama nusu saa baadaye mkono unaanza kutetemeka na mguu unakuwa mzito. Anameza tena saa saba, na ikishika, ndani ya saa moja woga umeondoka wenyewe, hajaombewa, hajafarijiwa, hajapewa kitu kingine. Jioni vilevile. Karo ya mtoto haiwezi kumsumbua mtu saa tano ikamwacha saa nane kila siku ya Mungu.

Levodopa haikai kwa damu muda mrefu, nusu yake inaisha kama ndani ya saa moja na nusu. Ugonjwa ukiwa mchanga ubongo bado una seli za kuweka akiba, kwa hivyo kidonge kimoja kinasukuma masaa mengi. Miaka ikienda akiba inaisha na mtu anaanza kuhisi dawa ikikatika kabla ya ingine. Wengi wanajua kukatika kwa mwili, kutetemeka na kukakamaa. Lakini dopamini haifanyi kazi ya misuli peke yake, iko pia kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na raha, na kwa watu wengine huko ndiko ukosefu unasikika kwanza. Mgonjwa anakwambia naogopa, na mkono wake umetulia kabisa, na wewe unaandika stresi.

Daftari likatoa na kitu kingine. Siku ambazo dawa ya mchana ilishindwa kabisa kushika zilikuwa siku za nyama au maharagwe, na kidonge cha asubuhi alikuwa anakimeza na chai ya maziwa, ile nzito ya Nakuru ambayo maji ni machache. Levodopa inapita tumboni kwa njia ileile inayotumiwa na protini, zikikutana zinagombania mlango. Haimaanishi aache maziwa au maharagwe, mwili wake unakonda tayari na unahitaji. Inamaanisha dawa imezwe na maji, nusu saa hivi kabla ya chakula, na protini nyingi ipelekwe jioni. Mama alikuwa na wasiwasi ataambiwa ampikie chakula cha peke yake, na alifurahi kusikia ni saa tu zinabadilika.

La mwisho daftari halikusema, alilisema mwenyewe siku mke wake hayuko chumbani. Alikuwa anaruka vidonge. Kuanzia katikati ya mwezi anahesabu vilivyobaki, anaona havitafika, anaruka cha mchana ili akae navyo mpaka watoto watume pesa. Na kuna mtu alimpa unga wa mbegu za upupu, upupu huu wa kuwasha, wa kujazia pengo. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani, hiyo si uongo na watafiti wameichunguza, lakini kijiko cha leo na cha kesho havina kipimo kimoja, na kuna siku alichanganya na vidonge mwili ukaanza kupindapinda wenyewe. Sikumfokea. Mtu anayeruka dawa ili familia ile anahitaji kusaidiwa kupanga. Nilichomwambia kwa nguvu ni kwamba asiwahi kuikata hii dawa ghafla, kwa sababu mwili unaweza kukaza na joto kupanda vibaya mpaka mtu alazwe mahututi. Watoto watatu wakakaa, wakagawana mwezi, na sai vidonge vinanunuliwa kabla vya mwisho havijaisha.

Daktari wa neva akagawanya upya dozi yake, kiwango cha siku kilekile karibu, lakini kidogokidogo mara tano badala ya mara tatu, na simu ya Dere inalia alamu. Ule woga wa saa tano ulipotea ndani ya wiki ya kwanza. Diazepamu ikaondolewa polepole.

Ningependa kusema kila kitu kiliisha hapo, haikuwa hivyo. Ukishatoa woga wa dawa kukatika, chini yake kulikuwa na woga mwingine wa kawaida, ambao hauangalii saa. Alikuwa ameacha kwenda kanisani kwa sababu watu wanaangalia mkono. Akifika mlango mwembamba wa supamaketi na kuna watu nyuma yake miguu inaganda, inashika sakafu, na kadiri anavyoogopa kuganda ndivyo anavyoganda. Kwa huo tulifanya kazi tofauti. Akaanzishiwa sertralini, dawa ya wasiwasi na huzuni, dozi ndogo, baada ya kuhakikisha hatumii zile dawa zingine za Parkinson kama selejilini ambazo haifai kuchanganywa nayo ovyo. Tukaongea kila wiki, kuhusu kile anachojiambia akiona mtu anamtazama. Kwa mlango, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha asimame, apumue, ahamishe uzito mguu mmoja, halafu ahesabu moja mbili akinyanyua goti kama askari. Kanisani alianza kwa kuketi kiti cha nyuma karibu na mlango kwa nusu ya ibada, halafu ibada yote. Anatembea na mama kila asubuhi baada ya dawa kushika, na mimi naamini hayo matembezi yamemsaidia kama dawa yoyote tuliyompa.

Nilimuuliza kama angetaka tufanye hivyohivyo na Salgaa, apande gari kama abiria, na binti yake kando. Akakataa. Alisema hiyo barabara imemeza rafiki zake na kuiogopa ni akili, si ugonjwa. Nilikubaliana naye na sikurudia swali.

Mwenzangu anayesoma hii, hasa wewe uliye zahanati na foleni imefika nje, ninachokuomba hakihitaji mashine. Mtu mwenye Parkinson akisema anaogopa, kabla hujaandika dawa ya wasiwasi muulize alimeza levodopa saa ngapi na woga umeingia saa ngapi. Mpime presha akiwa amelala halafu akiwa amesimama, kwa sababu presha ikishuka ghafla akisimama anasikia kizunguzungu na mapigo ya moyo ambayo yeye atayaita woga. Na mwenye zaidi ya miaka 50 akija na wasiwasi mpya, muulize kuhusu harufu na usingizi, na umuulize mke au mume, maana anayelala hajui kwamba anapigana.

Sasa hivi Dere bado ana shida ya alfajiri. Dawa ya jioni inaisha usiku, saa kumi anaamka mwili umekaza na moyo unadunda, na kwenye kliniki ijayo daktari wa neva ataangalia kama ataongezewa kidonge cha kumeza akienda kulala, kinachoachilia dawa polepole. Kwenye pochi ana kadi tuliyomwandikia, binti yake akaipitisha kwenye laminesheni. Inasema ana Parkinson, dawa zake zitolewe kwa saa zilizoandikwa hata akiwa amelazwa, na asipewe haloperidoli, Largactil (dawa ingine ya ugonjwa wa akili) wala Plasil, kwa sababu hata hiyo Plasil ya kuzuia kutapika inaziba dopamini. Mwaka huu alishikwa na tumbo akatapika usiku mzima, wakampeleka hospitali, nesi akawa tayari ameshika sindano ya Plasil. Mama akatoa kadi. Nesi akaisoma yote, akaenda akamwita daktari, wakampa domperidoni, dawa ingine ya kuzuia kutapika, badala yake, na levodopa ya saa saba akaimeza saa saba. Konda wake wa zamani naye ana picha ya hiyo kadi kwa simu.